MSAJI ULIOPAUKA CHOMBONI: JINSI YA KUUREJESHA NA KUULINDA

Wanachama wengi wana shirika katika vyombo vya baharini. Wako wenye mashua za kuvukia, wako wenye majahazi ya mizigo, na wako waliojinunulia boti za injini zenye mabenchi, meza na makasha ya msaji. Malalamiko yao yote ni mamoja. Mabenchi ya tezini yaliyokuwa na rangi ya asali sasa yamekuwa ya kijivu kama majivu, yana madoadoa meusi, na mtu aliyevaa kanzu nyeupe huona shaka kuyakalia.

Basi mwenye chombo humwita fundi. Fundi huja na brashi ya waya na dawa kali, na kwa siku moja benchi hung'aa kama jipya. Mwaka wa pili kazi hurudiwa, na wa tatu kadhalika. Baada ya miaka michache vichwa vya skrubu vimetokeza nje, mbao zimekuwa nyembamba, na benchi halina budi kutupwa. Hapo mwenyewe husema kuwa jua limelila benchi lake. Kusema kweli, jua limekula kidogo tu. Sehemu kubwa imeliwa na brashi.

Makusudi ya makala haya ni kueleza mambo matatu: kwa nini msaji hupauka, jinsi ya kuusafisha bila ya kuumaliza, na njia zipi za kuulinda zinazofaa katika jua na chumvi ya bahari yetu.

MSAJI NI MTI GANI

Asili ya msaji ni Bara Hindi, Burma ambayo sasa huitwa Myanmar, Siam ambayo sasa ni Thailand, na nchi ya Laos. Afrika Mashariki mbegu zake zililetwa na Wajerumani kutoka Calcutta mwaka 1898. Leo yako mashamba makubwa ya serikali huko Longuza katika wilaya ya Muheza, na Mtibwa katika mkoa wa Morogoro. Bara wengi huuita mtiki.

Mti huu una mafuta yake mwenyewe ndani ya nyuzi, na mafuta hayo huzuia maji na wadudu. Tena una chembe ndogo ndogo za mchanga wa asili, nazo ndizo zinazofanya makali ya randa yafe upesi. Kila seremala aliyewahi kuupiga randa alijua hilo siku ya kwanza. Hausinyai sana ukikauka wala haufuri sana ukilowa. Wala hauli misumari ya chuma kama ufanyavyo mwaloni wa Ulaya, ambao una asidi kali ndani yake. Kwa sababu hizo zote ulipendwa na mafundi wa merikebu kuliko miti mingine.

Huko Burma zamani wakata miti hawakuuangusha msaji mbichi, kwa sababu mbichi ni mzito na huzama. Walimenya mkanda kuuzunguka mti kwa shoka, wakauacha ukauke umesimama kwa muda wa miaka miwili au mitatu, kisha wakauangusha na kuuelesha mtoni mpaka pwani.

Mwenye kutaka ushahidi wa umri wake na aitazame merikebu ya HMS Trincomalee. Ilijengwa Bombay kwa msaji na kushushwa majini mwaka 1817, na hata leo inaelea katika bandari ya Hartlepool huko Uingereza. Sisi wenye karafuu tunayo merikebu nyingine ya kukumbuka. Sultana, merikebu ya Seyyid Said bin Sultan, nayo ilijengwa Bombay, mwaka 1833, na mwaka 1840 ikafika New York chini ya nahodha Ahmad bin Na'aman. Miongoni mwa shehena yake zilikuwamo tende, kahawa, pembe na magunia ya karafuu za Unguja. Wamarekani waliifanyia matengenezo kabla haijarudi, kwani safari ilikuwa ndefu na bahari haikuihurumia. Hata chombo cha mfalme huhitaji kutazamwa.

KWA NINI HUPAUKA

Mbao imefanywa kwa nyuzi nyeupe zilizoshikanishwa kwa gundi ya asili iitwayo lignini. Gundi hiyo, pamoja na mafuta na utomvu wa mti, ndiyo yenye rangi ya hudhurungi. Miale ya jua huivunja lignini iliyo juu, mvua na maji ya bahari huiosha, na mafuta yaliyo karibu na uso hutoka. Kinachobaki ni nyuzi tupu, nazo ni za rangi ya fedha au kijivu.

Basi jambo la kwanza la kushika ni hili: kijivu si uozo. Ni ngozi nyembamba kama karatasi, na chini yake msaji ni mzima kabisa. Ngozi hiyo ikiachwa humkinga hata yule aliye chini, maana jua halifiki mbali ndani ya mbao.

Madoa meusi ni jambo jingine. Hayo ni koga, nayo hustawi palipo na unyevu, kivuli kisichopata upepo, na chakula. Chakula chake ni vumbi, makombo, jasho la watu, na mara nyingi ni mafuta yale yale tuliyoyapaka sisi wenyewe kwa nia njema.

TAZAMA KWANZA KABLA YA KUSUGUA

Usianze kazi kabla ya kukagua. Tikisa kila mguu na kila kiungo. Choma kwa ncha ya kisu sehemu za chini na pembeni ambako maji hutuama. Ikiwa mbao ni ngumu, ni salama. Ikiwa ncha inazama, hapo pana uozo, na aghalabu utaona kuwa kipande hicho si moyo wa mti bali ni mti mweupe wa nje, ambao haudumu. Msaji mchanga wa shambani huwa na sehemu nyeupe kubwa zaidi kuliko msaji mkongwe wa msituni, kwa hiyo anunuaye mbao mpya azichague kwa macho yake.

Tazama pia mifereji kati ya nyuzi. Ikiwa ni mirefu na mistari migumu imesimama juu kama matuta ya shamba, hiyo ni alama kuwa benchi limekwisha suguliwa kwa nguvu miaka mingi. Benchi la namna hii halistahimili dawa kali hata kidogo.

JINSI YA KUSAFISHA

(1) Lowesha mbao kwa maji ya bahari. Maji ya chumvi hayapendwi na koga, na hayana gharama.

(2) Tia sabuni laini kidogo katika ndoo, uipake, na uiache dakika chache ilainishe uchafu.

(3) Sugua kwa dodoki, sponji au brashi laini. Brashi ya waya na waya wa kusugulia sufuria ni marufuku. Kwanza hukwangua mbao. Pili huacha chembe za chuma ambazo usiku mmoja tu hugeuka kuwa kutu na madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni.

(4) Sugua kwa kukata nyuzi, yaani kwa kupinga ile mistari mirefu ya mbao, si kwa kuifuata. Ukiifuata, brashi huingia katika sehemu laini iliyo kati ya mistari migumu na kuichimba. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

(5) Suuza kwa maji mengi. Pampu ya maji ya nguvu, ile ya kuoshea magari, isiletwe karibu. Hufurahisha macho kwa dakika tano, lakini huing'oa ile sehemu laini na kuacha mbao ina mifereji.

(6) Acha ikauke kivulini kwa siku mbili au tatu, kisha tazama tena. Mara nyingi wenye chombo hugundua kuwa rangi ya fedha iliyo safi si mbaya, na kazi huishia hapo.

Ikiwa lazima rangi ya asali irudi, iko dawa ya tindikali ya oksaliki. Changanya gramu 50 hadi 100 katika lita moja ya maji ya moto, katika ndoo ya plastiki na si ya bati. Paka, ngoja dakika 10 au 15, sugua kidogo, kisha suuza sana, na mwisho pitisha maji yenye magadi soda kidogo kuizimua. Dawa hii ni sumu. Vaa mipira ya mikono, linda macho, weka mbali na watoto, wala usiimwage juu ya vyombo vya alumini au juu ya rangi ya chombo.

Ziko pia dawa za chupa mbili, ya kwanza magadi makali na ya pili tindikali. Hizo huifanya mbao iliyokuwa nyeusi kuwa nyeupe mbele ya macho yako. Lakini magadi makali huyeyusha nyuzi laini, na kila utumiapo umepoteza sehemu ya unene. Unene wa mbao ni akiba. Ukiila kila mwaka, itakwisha. Zitumie mara moja tu kwa mbao iliyochafuka kupita kiasi, kisha ulinde ulichokipata.

Kupiga msasa nako kuna mpaka. Anza na namba 80 kama uso umeparuza sana, kisha 120, kisha 180, na hapa ufuate nyuzi. Funika pua na mdomo kwa kitambaa au kinyago, maana vumbi la msaji huwasha ngozi na kifua cha watu wengi. Randa au msasa mzito haupaswi kurudiwa ila baada ya miaka mingi.

MADOA NA VIUNGO

Doa la kutu lililozunguka msumari hutoka kwa ile tindikali ya oksaliki. Doa dogo lililo jipya huweza kupungua kwa maji ya ndimu. Lakini kabla ya doa ondoa sababu yake. Ng'oa msumari wa chuma, utie skrubu ya shaba iliyochanganywa na bati, au ya chuma kisichoshika kutu. Zamisha kichwa chake ndani ya mbao na uzibe tundu kwa kizibo cha msaji, nyuzi za kizibo zikielekea upande mmoja na nyuzi za mbao. Kizibo kilichowekwa kinyume huonekana siku zote.

Kiungo kilichoachana chataka gundi, na hapa mafuta ya msaji huwa adui. Gundi haishiki juu ya mafuta. Panguza uso kwa kitambaa kilicholoweshwa asetoni mpaka kitambaa kisitoke na rangi, kisha tia gundi ya epoksi mara tu asetoni ikikauka, kabla ya mafuta ya ndani kupanda juu tena. Mafundi wengi wamelaumu gundi bure, kumbe hawakupanguza.

NJIA TATU ZA KUULINDA

Njia ya kwanza ni kuuacha uwe wa fedha. Osha kwa maji ya bahari na sabuni laini kila baada ya wiki chache, na usipake kitu. Njia hii ni rahisi kuliko zote, haipotezi unene, wala haitelezi ikilowa. Kwa chombo kinachofanya kazi kila siku, hii ndiyo inayofaa.

Njia ya pili ni mafuta. Ieleweke kwamba mafuta yauzwayo madukani kwa jina la msaji hayakamuliwi kutoka katika msaji. Aghalabu ni mafuta ya kitani au mafuta mengine ya mbegu yaliyochanganywa na tapentaini. Hupendeza mara tu yapakwapo. Lakini katika jua letu hayadumu zaidi ya miezi michache, na yakiharibika huwa meusi na kuwalisha koga. Mwenye kupaka mafuta amejifunga kuyapaka tena na tena. Akiacha, benchi lake litakuwa baya kuliko lile lisilopakwa kitu. Ayapake mepesi kwa kitambaa, na baada ya robo saa apanguze yote yasiyonywewa.

Njia ya tatu ni vanishi. Chagua vanishi ya baharini yenye kinga ya miale ya jua. Panguza mbao kwa asetoni. Paka mkono wa kwanza uliozimuliwa nusu kwa nusu kwa tapentaini ili upenye. Wa pili mzito kidogo. Kisha endelea mpaka ifike mikono sita au zaidi, ukipitisha msasa laini kati ya mkono na mkono. Usipake alfajiri kuna umande, wala saa sita jua likiwaka. Baada ya hapo kila miezi michache ongeza mkono mmoja au miwili kabla vanishi haijapasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tundu dogo katika vanishi huingiza maji, maji hutambaa chini yake, na kazi yote huwa ya kukwanguliwa upya.

Ushauri wetu ni kuwa mabenchi na sitaha viachwe viwe vya fedha, na vanishi iwekwe mahali padogo panapopata kivuli, kama vile meza ya ndani, kasha na mlango wa chumba. Chagua njia moja kwa kila kifaa uishike. Anayehama kutoka mafuta kwenda vanishi, na kutoka vanishi kurudi mafuta, kila mara hana budi kukwangua, na kukwangua ndiko kunakoumaliza msaji.

MATAMBARA YENYE MAFUTA NI MOTO

Jambo hili lisomwe na kila mwenye chombo, na asiyejua kusoma asomewe. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto. Matambara yaliyopangusia mafuta hayo, yakirundikwa pembeni au kutiwa katika gunia, joto halina pa kutokea. Huzidi mpaka yakashika moto yenyewe, bila ya kiberiti wala sigara.

Tarehe 23 Februari 1991 jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, liliungua kwa sababu hiyo hasa. Mafundi waliokuwa wakitengeneza mbao za ukutani waliacha matambara yenye mafuta ya kitani. Wazima moto watatu walikufa. Ikiwa jengo la saruji na chuma liliungua hivyo, je, jahazi lenye matanga, kamba na mafuta ya injini?

Basi kila tambara litandazwe peke yake nje, juu ya mawe au mchanga, mpaka likauke na kukakamaa. Au lizamishwe katika ndoo ya maji yenye kifuniko. Lisilale chomboni hata usiku mmoja.

HARUFU NA KARAFUU

Wazee wetu waliipaka mbao ya jahazi kwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, na chini wakapaka deheni ya chokaa na mafuta. Kinga hiyo ni nzuri kwa chombo, lakini kila mtu aijua harufu yake. Mafuta ya kitani, tapentaini na asetoni nayo yana harufu kali. Karafuu huvuta harufu ya jirani yake, na mnunuzi kwanza hutumia pua. Kwa hiyo kazi ya kupaka kitu chochote imalizike kabla ya msimu wa kuchuma, chombo kiachwe wazi kipate upepo mpaka harufu iishe kabisa, na magunia yawekwe juu ya majamvi safi, yasigusane na mbao iliyopakwa karibuni. Hasara ya gunia moja la karafuu zilizonuka tapentaini hailipwi na uzuri wa benchi.

KIVULI NI DAWA

Adui wa kwanza wa msaji ni jua, na dawa yake rahisi ni chandarua. Chombo kikiwa kimetia nanga, tandaza chandarua juu ya tezi. Viti na meza zinazoondoka zihifadhiwe ndani, au zifunikwe kwa turubali la nguo linalopitisha hewa. Plastiki isitumike, maana hufunga jasho ndani na koga huota chini yake. Mito ya kukalia iondolewe ikilowa. Hayo hayagharimu kitu ila bidii ya baharia mmoja kila jioni.

MWISHO

Thailand ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake ya asili mwaka 1989, na Myanmar ikazuia magogo yake kutoka nje ya nchi mwaka 2014. Msaji mkongwe wa msituni, ule waliokuwa wakiujua babu zetu, umekuwa adimu na ghali. Mwenye benchi la msaji huo tezini mwake ana mali ambayo pengine hataweza kuinunua tena. Asiitoe kwa brashi ya waya kwa kuwa imeota mvi.

Mwanachama mwenye chombo na alikague benchi lake wiki hii: atazame skrubu, atazame unene uliobaki, kisha aamue njia moja. Na ambaye fundi wake ana njia nyingine iliyojaribiwa miaka mingi katika bahari hii, na atuandikie ili wenziwe nao wafaidike.